Mbegu za Kupeana

Hapa Msambweni jirani akija kuomba mbegu za kunde, hatuuziani. Unafungua chupa, unamchotea, anaenda zake. Swali langu ni hili: ukijua kunde zako zinaumwa, bado hiyo ni sadaka?

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa. Si kila manjano ni balaa. Majani ya chini yakipauka yote baada ya mvua nzito za masika, huenda ni maji tu yametuama, na hilo haliambukizi. Lakini majani machanga yakiwa na mabaka, kijani iliyokolea hapa, iliyopauka pale, yamekunjamana na mmea umedumaa, shuku virusi. Vinasambazwa na vidukari, wale wadudu weusi wanaojazana kwenye vichipukizi. Kidukari huambukiza kwa kuonja tu, hata dakika haiishi, kwa hiyo dawa ya agroveti mara nyingi inachelewa. Mmea ukishapata hauponi. Na virusi vinaweza kujificha ndani ya mbegu inayoonekana safi kabisa.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, lakini mtaani bado naitwa "aliyesoma". Mama mmoja jirani aliniuliza kunde zake zina nini. Nikamwambia, "Mama, zing'oe." Akanijibu, "Na mboga ya leo, mwanangu?" Swali la haki. Virusi vya mmea havimdhuru mlaji, kwa hiyo alizing'oa, majani akayapika kwa nazi. Mtihani ulibaki kwenye chupa: mbegu zilizozaa kunde hizo hizo, na dada yake wa Diani alishaziomba.

Wapo watakaosema nia ndiyo muhimu. Sikubali. Ukishajua, kunyamaza kwako nako kunaingia kwenye zawadi. Wengine watasema mwambie, aamue mwenyewe. Lakini asiye na pesa ya kununua mbegu ataamua nini? Atapanda hivyo hivyo, na vidukari hawajui mpaka wa shamba.

Mimi naona ukarimu unaanza kabla ya kuombwa. Kunde zikiwa bado changa, funga kitambaa kwenye mimea isiyo na dalili, ikague kila wiki, na mbegu uchukue kwa hiyo pekee. Si kinga kamili. Lakini jirani akija, utamchotea bila moyo kusita.