Ramadhani 8: Nyota nyekundu na kibarua wa kahawa



Usiku baada ya Tarawehe, mawingu yakifunguka, tazama juu. Utaona nyota tatu zimepanga mstari. Upande mmoja wa mstari ipo nyekundu, Betelgeuse. Upande wa pili ipo ya buluu, Rigel, jina lililotoka kwenye Kiarabu rijl, mguu. Ni katika taa ambazo Surat Al-Mulk inatueleza zimepamba mbingu ya karibu.

Ipi ina moto zaidi? Wengi watasema nyekundu. La! Uso wake una nyuzijoto kama 3,300 tu. Rigel inapita 11,000. Nyekundu ni jitu, upana wake mamia ya mara ya jua letu, lakini imevimba kwa sababu haidrojeni ya moyoni mwake imekwisha.

Nasi tunavimba, jamani. Futari kubwa, kanzu mpya, safu ya kwanza, na kibarua aliyekuchumia kahawa msimu uliopita bado anakudai. Mtume (s.a.w.) katufundisha kuwa Allah hatazami sura zetu, anatazama mioyo na matendo.

Mlipe leo, kabla ya adhana ya Magharibi.

Allah atutakabalie. Amin.