Koleusi Ileile, au Nyingine?

Gramu moja ya mbegu za koleusi, mmea wa bustani unaopendwa kwa rangi za majani yake, ina mbegu zaidi ya 3,000. Anayezisia hazifukii, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote. Huzinyunyiza juu ya mboji iliyochekechwa na kuloweshwa, akazigandamiza kidogo kwa kiganja, kisha akafunika trei kwa nailoni angavu ili unyevu usipotee. Joto la nyuzi 21 hadi 24 linatosha. Mkazi wa Ulaya hulitafuta joto hilo kwa kifaa cha umeme, na mkazi wa Morogoro hulipata bure barazani kwake. Siku 10 hadi 14 zikipita, mboji huanza kuota ukungu wa kijani, na ukisogeza macho unaona kwamba kila chembe ya ukungu huo ni mche.

Mwanzoni yote ni sawa. Rangi huanza kujitokeza kwenye majani ya kweli, na hasa jozi ya pili inapofunguka: huu una damu ya mzee katikati na pindo la kijani changa, ule ni zambarau mpaka kwenye mishipa, mwingine ni wa njano na vidoa vyekundu kama uliorushiwa rangi kwa brashi. Pakiti ikiwa ya mchanganyiko, ni nadra kuona miche miwili ya kufanana sawasawa. Wazoefu huonya pia kwamba vimche vidogo vinavyochelewa visitupwe, maana mara nyingi ndivyo vyenye rangi kali: pale rangi nyingine zilipochukua nafasi ya klorofili, mmea una kijani kichache cha kujipikia chakula, na hivyo hukua polepole.

Kisha mtu anaupenda mmoja. Anautaka tena, kwa ajili ya kibaraza cha pili au kwa ajili ya jirani aliyeusifia. Akiacha uchanue akasia mbegu zake, atapata watoto wenye sura za kila namna, na huenda asimwone hata mmoja aliyefanana na mama. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ndiyo, na mtoto wa koleusi ni koleusi, ila sura ni jambo jingine. Njia ya pili ni kukata tawi chini ya kifundo, kupunguza majani ya chini na kulitia katika glasi ya maji. Ndani ya wiki moja au mbili mizizi inaonekana, na majani yanayotoka ni yale aliyoyapenda.

Yale, au yanayofanana nayo? Hapo ndipo jambo la bustani linapogeuka kuwa jambo la falsafa. Tawi lililotia mizizi ni mtoto wa mmea wa kwanza, au ni mmea wa kwanza wenyewe uliopo sasa mahali pawili?

Aristotle alilisumbukia hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, katika kitabu chake kuhusu nafsi. Aliona kwamba mimea ikikatwa, vipande huendelea kuishi, na akaamua kwamba nafsi ya mmea ni moja kwa hali yake ya sasa lakini ni nyingi kwa uwezo. Ni jibu la werevu, ingawa linamwacha mwenye glasi ya maji mkononi bila uamuzi. John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye toleo la 1694 la kitabu chake juu ya akili ya binadamu, alisema mwaloni unaokua kutoka mche hadi mti mkubwa, kisha ukapogolewa, unabaki kuwa mwaloni uleule kwa sababu unashiriki uhai mmoja uliopangika. Kwa mwaloni uliosimama peke yake jibu hilo linatosha. Kwa koleusi halitoshi. Uhai mmoja umegawanyika njia panda, matawi yote mawili yanaendelea, na hakuna lenye haki zaidi ya kuitwa mmea wa mwanzo isipokuwa lile lililobaki kwenye chungu cha zamani. Chungu si hoja.

Wanasheria walikuwa na haraka kuliko wanafalsafa. Sheria ya Marekani ya hataza za mimea ya mwaka 1930 ilimpa mgunduzi wa mmea mpya haki ya kuumiliki, kwa sharti kwamba awe ameuzalisha bila mbegu, yaani kwa vipandikizi, kuunganisha au njia nyingine ya namna hiyo. Kwa macho ya sheria hiyo, kipandikizi ni mmea uleule na kinaweza kuibiwa. Mche wa mbegu ni mwingine na haumhusu mwenye hataza. Koleusi nyingi zinazouzwa leo kwa vipandikizi zinalindwa kwa hataza za namna hiyo. Ni nadra kuona swali la nafsi na umoja likimalizwa kwa mhuri wa ofisi.

Waswahili hawakuhitaji koleusi ili kulijua jambo hili. Muhogo wanaupanda kwa pingili, na pingili hurithishwa shamba hadi shamba, kizazi hadi kizazi. Katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye Milima ya Usambara, H. H. Storey na wenzake walianza katika miaka ya 1930 kuuchavusha muhogo na jamaa zake wa porini na kusia mbegu, wakitafuta mche utakaostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Uvumilivu ulihitajika, kwa sababu kila mbegu ilileta muhogo usiojulikana. Mmoja kati ya iliyochaguliwa uliandikwa kwa namba 46106/27. Ukasambaa kwa pingili, Wakenya wa pwani wakauita Kaleso, na Watanzania wakawa na muhogo wao wanaouita Namikonga. Vipimo vya vinasaba vilipokuja, vilionyesha kwamba Kaleso na Namikonga ni kitu kimoja. Majina mawili, nchi mbili, mashamba yasiyohesabika, na mmea mmoja uliotoka kwenye mbegu moja. Mkulima aliyeutambua kwa jina la kwao hakukosea, wala aliyeupima maabara hakukosea.

Upande wa pili wa swali uliwahi kufanyiwa mchezo. Gottfried Leibniz alishikilia kwamba hakuna vitu viwili tofauti duniani vinavyofanana kwa kila hali. Anasimulia kwamba katika bustani ya Herrenhausen, huko Hannover, mbele ya Sophie wa nyumba ya watawala wa huko, bwana mmoja wa ikulu alidai atapata majani mawili yanayofanana kabisa. Akazunguka bustani akichuma na kulinganisha, na hakuyapata. Kwenye koleusi angeshindwa mapema zaidi. Chukua vipandikizi viwili vya mama mmoja, weka kimoja juani na kingine chini ya mwembe: cha juani hutengeneza kwa wingi rangi iitwayo anthosianini na wekundu wake huiva, cha kivulini hurudi kijani. Ukivionyesha kwa mgeni atasema ni aina mbili.

Hilo ni la mwanga, na mwanga ukirekebishwa tofauti huondoka. Arlow Burdette Stout wa bustani ya mimea ya New York aligundua jambo linalosumbua zaidi. Katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1915 na Carnegie Institution ya Washington, alizalisha koleusi nyingi kwa vipandikizi tu, kizazi baada ya kizazi, bila mbegu kuingia kati. Kwa mujibu wa hesabu ya wengi, zote zilipaswa kubaki mmea mmoja. Hazikubaki. Tawi moja lilitoa majani yenye njano iliyohama kutoka katikati kwenda ukingoni, jingine likapoteza wekundu, jingine likauongeza. Stout alikata matawi hayo, akayatia mizizi, na kwa kuchagua hivyo akapata namna mpya zilizodumu na sura zao, ingawa baadhi zilirudia ya zamani. Sababu iko ndani ya chipukizi: seli za ncha inayokua hubadilika jeni mara mojamoja, na tabaka la seli lililobadilika linaweza kuendelea bega kwa bega na lile ambalo halikubadilika.

Kwa hiyo aina inayojulikana kwa jina moja tangu enzi za Malkia Victoria haikubaki yenyewe kwa nguvu zake. Kuna mkono uliokuwa ukikata kila tawi lililopotoka. Koleusi zilifika Ulaya kutoka Java katikati ya karne ya 19, na kufikia 1868 chotara kutoka bustani ya Royal Horticultural Society huko Chiswick zilikuwa zikipigwa mnada. Tangu hapo usawa wao umekuwa kazi ya watu. Mbegu za kisasa zinazouzwa kwa rangi moja moja, kama zile ziitwazo Wizard na Kong, zimetokana na kazi hiyohiyo kwa njia ya kuchanua: vizazi vya kung'oa kila mche usiotii mpaka mingi itii. Uleule wa mmea, basi, si kitu kinachokutwa ndani yake kama jiwe ndani ya tunda. Unatunzwa, na anayeutunza anajua ni nini anachokitupa.

Dini zimelitumia shamba kwa swali kubwa kuliko hili. Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya ufufuo, aliwakumbusha kwamba kinachopandwa ni punje tupu, na mwili utakaotokea ni mwingine, ambao Mungu huipa kila mbegu. Qur'ani inarudia mara kadhaa mfano wa ardhi iliyokufa inayohuishwa kwa mvua, na katika Sura ya Ar-Ra'd inataja vipande vya ardhi vilivyopakana, vinavyonyweshwa maji ya aina moja huku mazao yake yakitofautiana. Wasomaji wa vitabu vyote viwili huulizwa baadaye: atakayefufuliwa ni yuleyule? Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwajibu wanafalsafa katika *Tahafut al-Falasifa* kwamba inatosha roho irudishwe kwenye mwili, uwe wa udongo wa kwanza au wa udongo mwingine. Mtu ni yule kwa roho yake.

Jibu hilo linamfaa binadamu. Koleusi haina mahali pa kukimbilia namna hiyo, na ndiyo sababu inafaa kufikiria nayo. David C. Rife wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alionyesha katika miaka ya 1940 kwamba zambarau, mabaka na ukingo uliochanika vyote hurithiwa kwa jeni zinazoweza kufuatwa kutoka mzazi hadi mtoto. Muumini hataona humo sababu ya kuondoa majaliwa, na asiyeamini hataona sababu ya kuyaingiza; maelezo ya namna rangi inavyopangika hayamwambii yeyote kwa nini mche huu ndio uliopendwa.

Wenye koleusi huchuma shada la maua mara tu linapochomoza, kwa sababu mmea ukichanua huacha majani na kushughulikia mbegu. Aristotle angesema wanauzuia usifikie mwisho wake wa asili. Wao wanataka majani. Anayetaka kusia tena huacha shina moja lichanue, nyuki walizunguke, vikombe vya maua vikauke, kisha hukung'uta mbegu nyeusi kwenye karatasi. Matokeo yake ni familia, na katika familia hiyo hakuna nakala ya mama.

Sasa mfikirie mwenye koleusi iliyotokana na tawi alilopewa na bibi yake, na bibi ameshafariki. Ukimletea ya dukani yenye rangi zilezile hadi mshipa wa mwisho, ataipokea kwa adabu na kuiweka pembeni. Kwake sura haikuwa hoja. Hoja ni mkono uliolikata tawi. Lakini tawi lake hilo likifanya kama yale ya Stout, likatoa siku moja majani ya njano tupu pale palipokuwa na damu ya mzee, kanuni ya bustani inamtaka alikate alitupe ili ya bibi ibaki vilevile. Na majani ya njano nayo yametoka kwenye tawi la bibi, hakuna kilichoingia kutoka nje.