Fungu la Kumi: Deni au Shukrani?

Kwa washarika wote na walimu wa Injili katika Kibondo na Kasulu.

Ndugu wapendwa, tumeulizwa mara nyingi, barazani na njiani, swali hili: Je, Mkristo amefungwa kutoa fungu la kumi kwa kanisa lake? Na asiyelitoa, je, ana dhambi? Twataka kulijibu pasipo kuficha neno, maana katika habari hii sisi wachungaji wenyewe tumekosa, nanyi mwapaswa kulijua kosa letu kabla ya kuyasikia mafundisho yetu.

Katika usharika mmoja tuliouhudumia, wazee waliona sanduku la sadaka ni tupu, nasi tukakubali shauri lao kwamba kila mtu apewe kadi, na mwisho wa mwaka majina ya wasiomaliza yasomwe mbele ya watu wote. Tukayasoma kwa kinywa chetu wenyewe. Baada ya hayo mama mmoja mjane, mzee sana, hakuonekana tena kwenye Meza ya Bwana. Tulidhani ni mgonjwa. Tulipomwendea tukamkuta anapalilia maharage yake, naye akatwambia, “Baba mchungaji, marehemu mume wangu alikwenda Tanga kukata mkonge. Alikuwa na kipande. Siku asiyoimaliza kazi haikuandikwa, na kipande kisichojaa hakikuleta mshahara. Sasa nimeona kwamba na Mungu naye ana kipande. Changu hakikujaa; basi nitakujaje mezani?”

Ndugu, wazee wa Buha wanajua kipande ni nini, kwa kuwa wengi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge wakakibeba. Mama yule hakukosea katika kusikia. Alisikia sawasawa yale tuliyoyahubiri kwa kadi zetu, nayo hayakuwa Injili.

Basi na tuyatazame Maandiko. Torati iliwaagiza Israeli kutoa sehemu ya kumi ya nafaka, ya divai, ya mafuta na ya mifugo. Katika Hesabu 18 fungu hilo ni la Walawi, ambao hawakupewa urithi wa ardhi. Na Walawi nao walitoa fungu la kumi la hilo walilopewa. Hata kuhani, basi, hakuachwa nje ya utoaji. Tena katika Kumbukumbu la Torati 14 twasoma kwamba watu walikula sehemu ya zaka zao mbele za Bwana kwa furaha, na kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa malangoni mwa miji yao, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba.

Angalieni neno hilo la mwisho: mjane. Mungu alipoagiza fungu la kumi alimwandika mjane katika orodha ya watakaopokea. Nasi tulimwandika katika orodha ya wadaiwa. Hapo ndipo tulipoona kwamba twaweza kulishika fungu la kumi mkononi na kuipoteza haki yake, kama vile Bwana Yesu alivyowakemea wale waliotoa zaka hata za mboga ndogo za bustanini, huku wameacha adili, rehema na imani (Mathayo 23:23).

Lakini je, sheria hiyo ya Israeli yatufunga sisi? Wengine husema, “Abrahamu alitoa kabla ya Musa, na Yakobo aliahidi, kwa hiyo ni amri ya watu wote.” Ni kweli walitoa, lakini hatusomi kwamba waliamriwa. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za changizo (1 Wakorintho 16, 2 Wakorintho 8 na 9) hakutaja sehemu ya kumi hata mara moja. Aliwaagiza kuweka akiba siku ya kwanza ya juma, kila mtu kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, akakataza kutoa kwa huzuni au kwa kulazimishwa.

Daktari Martin Luther naye, katika mahubiri yake ya mwaka 1525 juu ya namna Wakristo wampokeavyo Musa, alifundisha kwamba sheria za Musa walipewa Wayahudi, wala hazitufungi sisi kwa kuwa ni za Musa. Walakini aliisifu zaka kama kielelezo chema, kwa sababu hufuata hali ya mtu. Mwenye ng’ombe kumi atatoa mmoja. Mwenye watano hatatoa kitu. Shamba likizaa sana atatoa sana, likizaa kidogo atatoa kidogo. Ndugu wakulima, mwaelewa maana yake. Kodi isiyobadilika humwangukia mtu hata mwaka wa njaa, lakini fungu la kumi huipanda milima na kuishuka pamoja na mvua. Kadi zetu zilizoandikwa fedha ileile kwa kila nyumba zilikuwa ngumu kuliko Torati.

Basi jibu letu ni hili: Mkristo hakufungwa na fungu la kumi kama sheria ya wokovu. Asiyelitoa hakufukuzwa mezani pa Bwana, na alitoaye hakununua kiti mbinguni. Mwaka 1517 Luther aliandika hoja zake tisini na tano dhidi ya uuzaji wa vyeti vya msamaha. Je, sisi tulioitwa kwa jina lake tutarudi kuuza neema kwa debe la mahindi? Vilevile jihadharini na wale wahubirio kwamba atoaye shilingi atarudishiwa mia, wakilitumia neno la nabii Malaki kama tikiti ya bahati nasibu. Malaki alisema na taifa lililowaacha watumishi wa hekalu bila chakula. Hakuwafundisha watu kumkopesha Mungu kwa riba.

Twajua kwamba mtu mwingine akisoma hapa atafurahi na kusema, “Vema, kumbe sidaiwi, nitatoa sarafu iliyosalia baada ya kurudi sokoni.” Ndugu yangu, ngoja kwanza. Zamani wenye kuchemsha chumvi kule Uvinza waliwapa watawala wa mahali sehemu ya chumvi yao, na watu wa Heru na Muhambwe hawakumwendea mwami mikono mitupu. Je, yeye aliyetupa Mwana wake apewe makombo? Uhuru wa Mkristo haukutolewa ili mkono wake uwe mfupi kuliko mkono wa Myahudi. Zakayo hakuulizwa fungu la kumi. Alipopokewa na Bwana alisimama mwenyewe akatoa nusu ya mali yake kwa maskini. Kwa hiyo fungu la kumi ni fimbo nzuri ya kupimia, wala si fimbo ya kupigia. Mwenye madebe kumi ya maharage na aliweke la kumi kabla ya kuuza, ajue ya kuwa hajafilisika. Mwenye mshahara, duka au kahawa nyingi asidhani kwamba kumi ni ukuta ambao hawezi kuupita. Na yule ambaye mavuno yake hayafiki msimu ujao, na aanze na kidogo alichonacho, moyo wake usihukumiwe.

Tena tunatoa kwa nini? Kwanza, kwa shukrani, kwa maana mvua si yetu. Pili, ili Neno lihubiriwe. Wamisionari wa Leipzig walipoondolewa Kilimanjaro mwaka 1920, walimu Wachaga waliendelea kufundisha na kuwakusanya washarika. Kanisa lingalisimamaje kama lingalikuwa mali ya wageni tu? Mwinjilisti atembeaye kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji naye ana watoto wa kulisha. Tatu, kwa ajili ya maskini na mgeni. Nchi yetu imewapokea wakimbizi wa Burundi na wa Kongo mara nyingi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa msaada wa Walutheri wa dunia, liliwahudumia katika wilaya hizi zetu. Mgeni aliyetajwa katika Torati hayuko mbali nasi. Twakutana naye gulioni.

Neno moja kwa wazee wa kanisa. Mwaka 1523 Wakristo wa mji wa Leisnig, huko Ujerumani, waliweka sanduku la pamoja kwa ajili ya kanisa, shule na maskini, na Luther akaiandikia kanuni yao dibaji. Sanduku lile lilikuwa na kufuli nne na funguo mbalimbali, zikashikwa na watu wa makundi manne, hata mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Basi acheni kusoma majina ya wasiotoa. Someni hesabu ya kilichotolewa na jinsi kilivyotumika. Msharika akijua debe lake limekwenda wapi, hatahitaji kusukumwa.

Tulirudi kwa mama yule pamoja na wazee wawili, tukamwomba radhi, tukamsomea Kumbukumbu la Torati 14, tukamwachia mahindi kutoka ghala la usharika. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Kama mimi ni wa kupokea, je, nimekatazwa kutoa?” Tukamjibu, “La, mama, hukukatazwa.” Jumapili iliyofuata alikuja na kibaba cha maharage, akakiweka madhabahuni, akapiga magoti mezani pa Bwana pamoja na wengine. Hakuna aliyekiandika katika kadi.

Mungu atujalie mioyo ya namna hiyo, sisi tunaofundisha na ninyi mnaofundishwa, kwa ajili ya Yesu Kristo. Amina.