Je, Mchezo Waweza Kusema Uongo?

Wengi wataona swali hili ni la kitoto. Mchezo ni mchezo, watasema. Watu wakiisha kucheza, hunawa mikono wakaenda kula. Nasi tuliwaza hivyo mpaka jioni ile kijana mmoja wa Katanika, hapa kando ya Kalemie, alipotuletea shida yake. Hakuja kuuliza juu ya dhambi. Alikuja kuuliza juu ya rangi: kipande fulani cha nchi yetu akipake rangi gani katika ramani yake?

Yatupasa kwanza tueleze kazi anayoifanya, maana wasomaji wetu wengi hawajaiona. Katika kompyuta imo michezo ya vita na utawala wa siku za kale. Mchezaji hushika nchi moja, hutoza kodi, hujenga, hutuma majeshi, hupatana na majirani au huwavunjia mapatano, na miaka hupita mbele ya macho yake. Mmoja wa michezo hiyo ni Victoria 3, uliotengenezwa na kampuni ya Paradox ya Uswidi, ukatoka mwaka 1922 ukiongezewa miaka mia, yaani 2022. Huanza mwaka 1836 na kwisha 1936. Wenye mchezo waruhusiwa kuubadili, kwa kuwa ndani yake mna maandishi ya kawaida, majina na hesabu, na mtu mwenye subira aweza kuyafungua akaandika yake. Mabadiliko ya namna hii, yafanywayo bure na wapenzi wa mchezo, huitwa modi.

Kijana wetu huandika modi yake katika mashine kuukuu isiyoweza hata kuuendesha mchezo wenyewe. Huipeleka mjini ichajiwe pamoja na simu za watu, huandika usiku, kisha hutuma maandishi kwa mwenzake wa Lubumbashi mwenye mashine ya nguvu, naye hujaribu na kumrudishia habari. Wako watano katika kazi hiyo. Hujadiliana sana, tena kwa ukali. Tuliwasikiliza mara mbili katika simu yake, na twakiri kwamba tumewahi kukaa katika mikutano ya wazee yenye fikira chache kuliko ile.

Kwa nini alianza? Kwa sababu ya hasira. Mchezo ule ulipotoka, mchezaji aliweza kushika Ubelgiji, Uingereza, hata Omani yenye Unguja yake. Lakini sehemu kubwa ya bara la Afrika ya ndani ilikuwa imewekwa katika fungu la mataifa yasiyochezwa. Yapo katika ramani, yana majina, lakini hakuna awezaye kuyashika. Kazi yao ni kukaa na kungoja wageni waje kuyagawana. Kijana akatazama ziwa lake, akaona watu wa pande zote mbili wamewekwa hivyo, akatuambia, “Baba, wametufanya tuwe kama miti.” Kweli alisema vema. Nchi isiyochezwa ni nchi isiyoamua neno. Wazee wetu waliamua mengi, mema na mabaya, na atakayesema hawakuamua kitu amewaondolea mabaya yao pamoja na utu wao.

Hapa ndipo matata yalipoanza. Maana alipowafungulia mlango wazee waingie katika mchezo, hawakuingia watakatifu peke yao.

Historia ya pwani hii yajulikana. Misafara ilivuka ziwa kutoka Ujiji, ikashukia Mtowa, ikaingia bara kutafuta pembe za ndovu na watu. Rumaliza wa Ujiji alikuwa na nguvu hata mwaka 1892 watu wake wakaizingira Albertville, boma ambalo Kapteni Jacques alikuwa amelianzisha mwaka 1891, na ambalo ndilo Kalemie ya leo. Lakini wafanya biashara ile hawakuwa wageni tu. Lusinga, mkuu wa Batabwa, aliwauza watu akapata bunduki, na kwa bunduki akapata watu wengine wa kuuza. Basi kijana akikaa kuandika nchi ya Lusinga, aandike nini? Mchezo wenyewe wajua utumwa: una sheria za kuuruhusu na za kuukataza, na watumwa huhesabiwa kama fungu mojawapo la watu.

Mara ya kwanza aliufuta. Aliona aibu. Tena katika wale watano yumo mmoja ambaye babu zake walikuwa waungwana wa misafara, na mwingine ambaye bibi yake mkuu aliletwa akiwa na kamba shingoni. Wote wawili ni marafiki, na hakuna aliyetaka kumtia mwenzake uchungu. Ikawa modi safi: watu wa ziwa wanalima, wanavua dagaa, wanafua chuma, wanabadilishana chumvi. Ikawa pia, twasema bila kuficha, uongo mtupu.

Yatubidi tulipime jambo hili kwa utaratibu. Je, mchezaji anayeshika nchi ya wauza watu na kuwauza watu katika kompyuta, ametenda dhambi? Katika kisolo sisi sote twala mbegu za mwenzetu, na hatujasikia mtu akiungama kwamba amekula mbegu. Ijumaa Kuu parokiani kijana mmoja hupewa sehemu ya Yuda. Hubusu, hupokea mfuko wa fedha, na jioni hurudi kwao akala na wenzake bila lawama. Kuonyesha si kutenda. Mpaka hapo dhamiri yaweza kutulia.

Lakini tofauti ipo. Yule mwigizaji wa Yuda hapewi zawadi kwa kusaliti vizuri. Mchezo wa utawala hutoa zawadi. Hazina ikijaa, mchezaji hufurahi, na furaha ile ni furaha ya kweli ndani ya moyo wa kweli, ingawa fedha ni ya bandia. Kwa hiyo hatutafuti dhambi katika mkono wa mchezaji; twaitafuta katika hesabu za mtengenezaji. Yeye ndiye anayeandika kwamba biashara hii italeta faida kiasi gani, na hasara yake itamwangukia nani.

Mmoja wa wale watano alitoa shauri: utumwa uwemo, lakini umtie hasara kila anayeufanya, ili wachezaji wajifunze kwamba uovu haulipi. Shauri hili lilitupendeza kwa dakika chache. Kisha tukalikataa. Ukweli ni kwamba uovu ule uliwalipa walioufanya, wengine kwa miaka mingi. Tippu Tip alikufa Unguja mwaka 1905, mtu mzima, tajiri, katika nyumba yake. Hasara waliipata wengine: kijiji kilichobaki bila vijana, shamba lililorudi pori, mama aliyeita usiku asiitikiwe. Tukimfundisha kijana kwamba uovu haulipi kamwe, siku utakapomjia na mshahara mkononi atadhani si uovu. Basi afadhali faida iandikwe kama ilivyokuwa, na vijiji vitupu viandikwe vilevile, tena mahali ambapo mchezaji hawezi kuepuka kuviona.

Kijana alikubali, akaandika upya. Lakini aliturudia na neno lingine, na hili lilitugusa sisi wenyewe. Mwaka 1883 Storms, afisa wa Kibelgiji, alijenga boma Mpala. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake walimvamia Lusinga, wakamwua, wakakata kichwa chake; fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji likawekwa katika makumbusho. Mwaka 1885 boma lile la Mpala likakabidhiwa Mapadri Weupe. Miaka miwili baadaye akaja Kapteni Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, akawalinda watu wa misioni dhidi ya wakamata watumwa. Nao mapadri waliwakomboa watoto wengi kwa kuwanunua, wakitumia sadaka za waamini wa Ulaya.

“Sasa, Baba,” alisema, “nikiandika misioni inanunua watumwa ili kuwaachia huru, fedha ile yaingia wapi? Katika hesabu yaingia kwa muuzaji. Naye kwa fedha ile hununua baruti.”

Hatukuwa na jibu la haraka. Tuliwahi kusikia habari za kukombolewa watoto wale tangu tukiwa wadogo, na kila mara ilisimuliwa kama hadithi yenye mwisho mwema. Hakuna aliyetuuliza fedha ilikwenda wapi. Mtoto mmoja aliyekombolewa ni mtoto kweli, na nani angemwacha katika kamba kwa ajili ya hesabu? Sisi tusingemwacha. Hata hivyo hesabu ni hesabu. Tulimwambia aandike zote mbili, mtoto na baruti, wala asitupendelee kwa kuwa sisi ni watu wa misioni. Hatuna hakika kama wasomaji wote watakubali. Na wale waliokuja na nia ya kuwaokoa watu, kukabidhiwa kwao nyumba iliyotoka katika mkono wa mkata kichwa, hilo nalo ni jambo ambalo mtoto wa Katanika ametukumbusha, ambalo sisi tulilijua tukalipita.

Kuna sehemu nyingine ambazo hazikuwasumbua. Vijana wote wapenda kisa cha vita vya ziwani, mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizoletwa kwa nchi kavu kutoka Afrika ya Kusini mpaka hapa Lukuga, zikaiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani tarehe 26 Desemba 1915. Wameiandika kwa furaha na mizinga mingi. Tuliwauliza tu, wale waliokata njia na kuvuta mashua zile milimani wamo? Wakacheka kidogo, wakasema watawatia.

Tufike sasa kwenye rangi.

Mchezo huu hukubali watu wa makabila mengi wakae katika jimbo moja, lakini kila kipande cha ardhi lazima kiwe na mwenyewe mmoja, naye hupewa rangi yake. Katika pwani na milima ya kuelekea kusini, wale watano walikubaliana upesi juu ya Batabwa na Baholoholo. Walipofika bara, upande wa magharibi, ambako Baluba wamelima na Batwa wamewinda na kurina asali katika msitu uleule tangu zamani zisizoandikwa, mmoja alisema, “Weka Baluba, twende mbele.” Watatu wakaitikia. Ni saa sita za usiku, kila mtu ana usingizi. Kijana wetu peke yake hakuandika.

Wasomaji wa Kalemie hawahitaji kuelezwa kwa nini. Vita vya Batwa na Baluba viliwaka sana tangu mwaka 2016, vijiji vikachomwa pande zote mbili, na mwaka 2017 maelfu ya watu walifika Katanika wakajenga vibanda vya nyasi. Yeye alifika pamoja nao, akiwa mtoto, amemshika mdogo wake mkono. Hatutasema ni wa upande gani. Hakututaka tuseme, na katika swali lake haikusikika.

Wenzake walimjibu kwa akili. Wakasema: Batwa tutawahesabu katika watu wa jimbo, idadi yao itakuwamo, wataonekana wakitafutwa, ardhi lakini haina nafasi ya majina mawili, si kosa letu, mchezo ndio ulivyo. Naye akawajibu, “Hivyo ndivyo walivyoambiwa hata kwetu. Mpo, mnahesabiwa, ila ardhi ina mwenyewe.”

Tumelifikiri neno hili kwa siku nyingi. Mtu akisema uongo kwa kinywa chake, twajua la kumwambia, amri ya nane iko wazi. Lakini huyu hasemi uongo. Ameshika chombo kilichotengenezwa mbali, na watu wasiojua msitu wa kwetu, nacho chamlazimisha kujibu swali ambalo wazee wa msitu huo hawakuuliziana kwa namna ile. Aliyelima alikuwa na haki yake, aliyewinda alikuwa na yake, na mpaka kati yao haukuwa mstari. Walikuja wengine baadaye wenye kalamu, wakataka mkuu mmoja kwa kila eneo ili wajue wamwandikie nani kodi, na tangu hapo mmoja ameandikwa na mwingine ameachwa. Kijana akipaka rangi moja leo kwa sababu ya usingizi, atakuwa amefanya tena kazi ya mwandishi yule. Tena modi ikiisha kutolewa, vijana wa Kongo na wa nchi nyingine wasioijua kabisa Tanganyika watajifunza kwayo, nao hawatajua kwamba rangi ile iliwekwa saa sita za usiku.

Wako watakaosema twalikuza jambo dogo. Huenda. Ila tumeona katika mji huu watu waliokufa kwa ajili ya jibu la swali hilihili.

Tulimwambia neno moja tu: asikubali kwamba chombo kimemwondolea wajibu. Kama chombo hakina nafasi ya majina mawili, basi aandike mahali pa wazi, mwanzoni mwa modi, kwamba hapa palikuwa na wenyewe wawili na mchezo umeshindwa kuwachukua. Mwenzake wa Lubumbashi alikuwa amejaribu kwanza kuacha kipande kile bila jina, mchezo ukakataa kufunguka. Kisha wakawaza kukipasua katikati, Batwa huku, Baluba huku. Lakini kupasua ndiko kulikoanzisha moto, naye hakupenda hata kuiona ramani ile.

Juzi alipita tena kwetu, ana daftari. Amewatafuta wazee wawili wanaoishi Katanika, mmoja wa Batwa na mmoja wa Baluba, kila mmoja kwa siku yake, akawauliza majina ya vijito na vilima vya kule walikotoka. Amejaza kurasa nne. Majina mengine ni tofauti, mengine yanafanana, na moja wazee wote wawili walilitaja kwa maana ileile, mahali pa kupumzikia wasafiri. Ameanza kuyatia majina hayo katika modi. Rangi bado hajaipaka, na wenzake wanamhimiza.