Saratani na Mkono wa Binadamu

Mwaka 1896 Frederick Hoffman, mtakwimu wa kampuni ya bima ya Prudential nchini Marekani, alichapisha kitabu akidai kwamba watu weusi wanakufa mapema kwa sababu ya maumbile ya rangi yao. Wakati huohuo mwanasosholojia W.E.B. Du Bois alikuwa akipita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Philadelphia, akiandika alichokikuta: vyumba vilivyojaa watu, hewa nzito, vyoo vichache. Wote wawili walihesabu vifo vya watu weusi. Hoffman akalaumu damu, Du Bois akalaumu makazi.

Ubishi ule haujaisha. Leo mwanamke mweusi wa Marekani hupata saratani ya matiti kwa kiwango cha chini kidogo kuliko mweupe, ila kiwango chake cha kufa nayo ni kikubwa kwa takriban asilimia 40. Saratani ya tezi dume huwaua wanaume weusi mara mbili ya weupe. Msibani watu husema ahadi imefika, na kwa mfiwa hayo ni maneno ya rehema. Yakitamkwa na wenye bajeti na hospitali, yanageuka kinga ya uzembe.

Mwanafalsafa Judith Shklar, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu sura za dhuluma, aliuliza ni lini janga huitwa bahati mbaya, na lini huitwa dhuluma. Kwake, anayeweza kuzuia madhara akakaa kimya naye ana sehemu yake katika dhuluma hiyo. Ni hukumu kali, na ni ya haki.

Maumbile nayo yana nafasi yake. Aina ya saratani ya matiti isiyosikia dawa za homoni huwapata Wamarekani weusi karibu mara mbili ya weupe, na ni ya kawaida Ghana. Lakini huko Ethiopia ni adimu zaidi kuliko Ghana. Hapo neno “mweusi” linapwaya: linawaweka kapu moja watu ambao miili yao haifanani.

Mfano unaosema zaidi ni wa jimbo dogo la Delaware, Marekani. Mapema miaka ya 2000, jimbo lilianza kulipia uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana, na matibabu ya hadi miaka miwili kwa wasio na bima. Wauguzi waliwapigia watu simu, wakawapangia miadi na usafiri, wakawaeleza jinsi ya kusafisha tumbo kabla ya kamera kupitishwa ndani kutafuta vinyama vidogo ambavyo vikiachwa hugeuka saratani. Mwaka 2001 waliokuwa wamechunguzwa walikuwa asilimia 48 kwa weusi na 58 kwa weupe. Kufikia 2009 pande zote mbili zilikuwa asilimia 74. Vifo vya weusi kutokana na saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 42, pengo likakaribia kufutika.

Damu ya watu wa Delaware haikubadilika katika miaka ile. Kilichobadilika ni nani anapigiwa simu na nani analipa, na waliofanya hesabu walikadiria kwamba gharama zilizookolewa zilizidi zilizotumika. Wakuu wa majimbo mengine hawawezi kujificha nyuma ya kudura, wala nyuma ya uhaba wa fedha.