Makali Yanayomtazama Fundi

Masomo: 2 Wafalme 6:1-7, Isaya 54:16



Maneno matatu yanatuongoza katika kanisa letu: Upendo, Amri na Kazi. Upendo tunauimba. Amri tunazisoma. Lakini Kazi, hasa kazi ya mikono, wengi wetu tunaiacha mlangoni tunapoingia kusali. Kwa hiyo leo tunasema juu ya kazi moja tu, kazi ya mhunzi anayefua tezo ya kuchimbia mtumbwi.

Tunasema juu yake kwa sababu liko swali linalorudi kati ya waamini. Je, Mkristo aweza kumpeleka mtoto wake akajifunze kwa mhunzi? Wengine wanajibu hapana. Wanasema wahunzi wa zamani walitia dawa katika tanuru, walikuwa na miiko mingi, na kwamba anayetawala moto namna ile hawezi kukosa uchawi. Wengine wanajibu kwamba tukimfukuza mhunzi, nani atafua jembe letu? Tulijibu swali hili kwa Maandiko na kwa mambo tunayoyaona kwa macho.

Tutazame kwanza kazi yenyewe. Wavuvi wa Lualaba na wa ziwa Kisale wanajua kwamba shoka la kuangusha mti haliwezi kumaliza mtumbwi. Shoka linakata nje. Ndani ya gogo kunatakiwa tezo, ambayo ubao wake umewekwa kwa kukingama na mpini, na mdomo wake umekunjwa kidogo kama kiganja kinachoteka maji. Bila mkunjo huo, pembe mbili za makali zinazama katika mti, zinapasua, na mtumbwi unaharibika kabla haujaona maji.

Siku hizi mhunzi hayeyushi tena mawe ya chuma kama mababu. Anachukua kipande cha resori ya kamioni iliyokufa. Anawasha makaa ya mti mgumu, kijana anavukuta, na chuma kinakuwa chekundu kama embe lililoiva. Hapo ndipo kinapigwa. Kikipigwa baridi, kinapasuka. Kikiachwa mpaka kinakuwa cheupe na kurusha cheche, kimeungua, na hakuna dawa ya kukiponya. Upande mmoja anauvuta uwe mkia mrefu uliochongoka. Upande wa pili anaupanua na kuukunja.

Kisha yanakuja maji. Makali yanatiwa moto tena na kuzamishwa ghafula, nayo yanakuwa magumu. Lakini ugumu huo peke yake ni hatari, kwa maana chuma kigumu mno kinavunjika kama chupa. Kwa hiyo mhunzi mwenye akili anakirudisha karibu na moto, polepole, mpaka rangi ya majani makavu inatembea juu ya makali. Ndipo anakizima. Ule mkia hautiwi ugumu, unaachwa laini ili ustahimili mapigo.

Mwisho ni mpini. Unakatwa penye mti wenye kichwa kinene, na tundu linatobolewa kwa chuma cha moto. Mkia unapita humo. Angalieni jambo hili: hakuna msumari wala kamba. Kila pigo linausukuma mkia ndani zaidi, na tezo inazidi kukaza kadiri inavyofanya kazi. Tena baadhi ya mafundi wanaweza kuugeuza ubao huo katika tundu: ukisimama sawa na mpini ni shoka, ukikingama ni tezo.

Sasa, katika mambo haya yote, uchawi uko wapi? Tumetaja moto, maji, nyundo, jicho na subira. Hivyo vyote ni vya Mungu. Katika Isaya Bwana mwenyewe anasema kwamba mhunzi anayevuvia makaa ni kiumbe chake. Hakusema ni kiumbe cha shetani.

Mababu walimheshimu mhunzi sana. Katika nchi ya Baluba, kule Kamilamba, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la zaidi ya miaka 1000. Ndani yake mlikuwa na shoka la heshima, na fuawe ya chuma karibu na kichwa cha marehemu. Basi ufundi huu hatukuupokea kwa wazungu. Lakini mababu waliuchanganya na dawa, kwa kuwa waliogopa chuma kisije kikakataa. Sisi tunajua kwamba chuma kinakataa kwa sababu ya joto lisilofaa, si kwa sababu ya jicho la jirani.

Papa Simon Kimbangu alipohubiri mwaka 1921, aliwataka watu waache minkisi. Kilichotupwa ni minkisi, si majembe na mashoka. Na sisi tufanye vivyo hivyo. Dawa ya tanuru tuiache, tanuru tuishike. Na yule mhunzi mzee ambaye bado anafunga hirizi yake juu ya mlango, tusimwite mchawi. Neno hilo katika nchi yetu limewatoa watu katika nyumba zao, na wengine limewaua. Tumpeleke kijana wetu, na kijana aseme kwa heshima: Baba, nifundishe nyundo, na sala nitakuja nayo mwenyewe.

Ndugu wapenzi, tezo hii inatufundisha mambo matatu.

La kwanza ni moto wa pili. Wengi wamepita moto wa kwanza. Waliongoka, wakazamishwa majini, wakatoka wagumu. Wanajua amri zote, na kila anayekosa wanamkata. Lakini siku ya jaribu wanavunjika, kwa sababu hawakukubali ule moto mdogo wa polepole, ndio uvumilivu. Papa Simon alikaa gerezani miaka 30, sehemu kubwa hapa Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Tunajua kwamba gereza halikumvunja.

La pili ni mkia katika mpini. Anayekaa pembeni ya kazi ya kanisa analegea. Anayepigwa na kazi anakaza. Hekalu la Nkamba, lililofunguliwa mwaka 1981, lilijengwa kwa mikono na sadaka za waamini wenyewe, na kazi ile iliwaunganisha kuliko hotuba nyingi.

La tatu ndilo zito. Shoka na panga vinageuza makali mbele, kwa mwingine. Tezo inageuza makali yake kwa yule anayeishika. Fundi anasimama, mti uko miguuni, na kila pigo linakuja upande wake. Akiwa mlevi au mwenye hasira, atajikata mguu. Wahubiri, mashemasi, wazazi, sikieni: Neno la Mungu tumepewa kama tezo. Kabla halijamchonga ndugu yako, linakutazama wewe. Katika nchi iliyoona mapanga yakigeuzwa kwa majirani, kijana anayejifunza kushika makali yanayomtazama mwenyewe amejifunza amani.

Kumbukeni wana wa manabii siku za Elisha. Walitaka kujenga nyumba, na kila mmoja alikwenda mtoni kukata boriti moja. Shoka la mmoja likaanguka majini, naye akalia, kwa maana lilikuwa la kuazima. Nabii hakusema: Ni kipande cha chuma tu, tuendelee na sala. Aliuliza lilianguka wapi, akatupa kijiti, chuma kikaelea. Kisha akamwambia yule mtu alichukue. Mungu alikiinua chuma, lakini mkono wa kukipokea ulikuwa wa mfanyakazi.

Ufundi wa mababu ni shoka la kuazima. Tuliupokea, na tunapaswa kuurudisha kwa watoto wetu. Leo wazee wanazikwa nao, unazama. Basi kila baba aliye na kijana asiye na shule wala kazi amtafutie fundi: wa chuma, wa mti, au wa udongo. Akina mama wasione haya kumsindikiza. Na mtumbwi utakaochimbwa kwa tezo hiyo, kumbukeni, unabeba watu kwa sababu umetolewa vya ndani vyake. Gogo lililojaa lenyewe halina nafasi ya abiria.

Bwana avukute makaa yake ndani yetu. Amina.