Aliyechorwa Hakualikwa

Msanii wa michoro ya awali huchora kitu ambacho bado hakipo ili wengine wakitengeneze: mhusika wa katuni kabla hajatembea, mtaa wa gemu kabla haujajengwa kwenye kompyuta. Anatuma kazi usiku, asubuhi inarudi imejaa alama nyekundu. Ukiwa na moyo mwepesi, humalizi mwaka.

Ndiyo maana vijana wanaoingia kazi hii Nairobi huambiwa mapema: usiupende sana mchoro wako, anayelipa ndiye anayeamua. Ni ushauri mzuri, na ushahidi wake umesimama katikati ya jiji. KICC ilianza kama wazo la makao makuu ya chama cha KANU, jengo la kawaida tu. Wasanifu walikuwa Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso, Mkenya aliyekuwa msanifu mkuu wa serikali. Mteja alikuwa Jomo Kenyatta, na mteja huyo alitaka jengo lipande zaidi. Kisha ikajulikana kwamba Benki ya Dunia na IMF zingefanya mkutano wao wa mwaka Nairobi, Septemba 1973, na ukumbi mkubwa ukahitajika. Mchoro ukabadilika tena. Leo tuna mnara wa ghorofa 28, wenye mita kama 105, na ukumbi wenye paa lililochongoka kama la msonge. Wachoraji wangeng'ang'ania wazo la kwanza, tungebaki na ofisi ya chama. (Ni katika mkutano huo ambapo Robert McNamara alitoa hotuba yake maarufu kuhusu umaskini wa watu wa vijijini. Ndani ya jengo refu kuliko yote nchini. Haya.)

Sasa chukua ombi la aina nyingine. Tuseme mteja wa mbali anataka mtaa wa Kawangware kwa ajili ya gemu. Msanii anachora steji ya 46, fleti za mawe zilizobanana, nguo zimeanikwa kwenye roshani, dishi za TV, duka la M-Pesa, mama mboga akikatakata sukuma. Maoni yanarudi: toa fleti, ongeza mabati na vumbi, watoto wasiwe na viatu. Ifanye iwe ya Kiafrika zaidi.

Ugumu uko hapa: mabati yapo Kawangware. Vumbi lipo, kwanza mwezi wa pili usiseme. Ukiangalia ombi moja moja, hupati uongo wa kuushika mkononi. Uongo uko kwenye vile vilivyofutwa.

Mchoro kama huu una watu watatu: anayelipa, anayechora na anayechorwa. Wawili wa kwanza wanaandikiana barua pepe. Wa tatu hayuko kwenye mazungumzo, lakini ndiye atakayeishi na picha hiyo, mtoto wake atakapoulizwa shuleni ugenini kama kwao kuna nyumba. Kwa hiyo msanii anapojibu "sawa, nitabadilisha", wakati mwingine anatoa kitu ambacho si chake.

Utaniambia landlodi wa Kangemi hapokei falsafa tarehe tano. Kweli, na ukikataa kazi, jioni ishapata mtu mwingine. Simlaumu anayebadilisha ili ale. Ninachoona anadaiwa ni kusema mara moja, waziwazi, kwa maandishi, na kuambatanisha mchoro wa pili unaompa mteja hali ya dhiki anayoitaka bila kubomoa fleti za watu. Wateja wengi si wabaya. Wamewahi kuona picha moja tu, na hakuna aliyewapa nyingine.

Ila tusidanganyane. Wasanii nao hujificha nyuma ya neno "utamaduni". Mtu anatetea rangi ya kofia kana kwamba ni kaburi la babu yake, kumbe anaipenda tu. Hebu jiulize: picha hii ikibandikwa pale steji, nani atalalamika? Kama ni wewe peke yako, badilisha ulale.

Na kuwa Mkenya hakukupi kibali. Aliyelelewa Lavington anaweza kuikosea Kawangware vibaya kama mgeni yeyote, ilhali kati ya mitaa hiyo miwili ni mwendo wa miguu. Mchoraji wa matatu ametuzidi hapo. Akimaliza nganya, kesho iko barabarani. Isipowabamba, abiria wanaiangalia, wanasonya, wanapanda ya nyuma. Maoni hayo hayapitii kwa mteja.

Msanii wa gemu inabidi ayafuate mwenyewe. Shuka steji, nunua sukuma ya ishirini, umwonyeshe mama mboga ile picha kwenye simu. Huenda vumbi asilijali hata kidogo. Huenda akauliza tu mbona meza yake umeiwekea nyanya tatu.